Mbachao na Msala Upitao

Liko neno moja ambalo limepata heshima kupita haki yake katika mazungumzo ya vijana wetu waliosoma, nalo ni kitegauchumi. Zamani mtu aliponunua nyumba alisema amenunua nyumba, akahamia yeye na watu wake, au akawapangisha wengine. Siku hizi husema ametega. Sina ugomvi na kutega. Lakini mtegaji mwenye akili huutazama mtego wake kabla ya kuupitishia mguu, na nina hofu ya kuwa wengi wa wategaji wetu ndio walionaswa.

Mtego ninaoukusudia ni huu: kununua nyumba ya kwanza katika ghorofa, kwa fedha za mkopo, ili ipangishwe kwa wageni kwa usiku mmojammoja, kwa matumaini ya kuwa wageni ndio watakaolipa deni. Biashara hii ina umri mdogo. Kampuni ya Airbnb ilianzishwa San Francisco mwaka 2008, na leo Nyali, Bamburi, Diani na Kilimani jina lake limekuwa jina la kila nyumba yenye kitanda, ufunguo na picha nzuri. Dalali akimpeleka kijana roshani kumwonyesha bahari, humwambia maneno manne matamu: nyumba hii itajilipa yenyewe.

Maneno hayo niliyasikia kwa mpwa wangu, mwalimu wa shule ya sekondari. Alikuja kwangu na karatasi ya hesabu, akasema, "Mjomba, nyumba itajilipa yenyewe, mimi nataka saini yako tu." Malipo ya mwanzo aliyatafuta katika chama cha akiba na mikopo, na chama kilitaka wadhamini. Nikatia saini. Kwa hiyo msomaji asidhani ya kuwa nasema kwa kijicho cha mtu asiye na nyumba Nyali. Nasema kama mdhamini ambaye akiba yake imefungwa, na kama mtu mzima ambaye alitazama hesabu yenye kasoro akaipitisha kwa sababu ya mapenzi.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tulifungue daftari basi. Tuseme nyumba ina bei ya shilingi 8,000,000 za Kenya. Mnunuzi ametoa 1,600,000, na benki imemkopesha 6,400,000 kwa riba ya 14 kwa mia, alipe kwa miaka 15. Kila mwezi atadaiwa takriban shilingi 85,000. Dalali husema: usiku mmoja ni shilingi 6,000, mwezi una usiku 30, pato ni 180,000. Hesabu hiyo haina kosa la kuzidisha; kosa lake ni kwamba imempa kila usiku mgeni.

Tuweke wageni kwa usiku 15, nao wakae siku tatutatu. Pato ni 90,000. Wakala anayepokea wageni na kutunza funguo akichukua sehemu ya tano, zimekwenda 18,000. Kufua shuka na kusafisha mara 5, kwa shilingi 1,000 kila mara, ni 5,000. Umeme, maji na intaneti, 9,000. Ada ya matunzo ya jengo, 8,000. Birika lililoungua, kitasa kilichovunjika na godoro lililomwagiwa chai, 5,000. Zimebaki 45,000, na benki inangoja 85,000. Ili deni lilipike, nyumba hiyo yataka wageni wa usiku 24 katika kila mwezi wa mwaka, kaskazi na kusi, kabla ya kodi ya serikali na kabla ya gharama ya samani. Hizi ni tarakimu za mfano. Msomaji na aweke zake mahali pa zangu, asiache mstari hata mmoja.

Sasa tulinganishe na mpangaji wa mwezi. Nyumba hiyohiyo ikipangwa kwa 45,000, tukatoa ada ya jengo, mwenye nyumba hubaki na 37,000. Mgeni wa usiku amemzidi mpangaji kwa 8,000. Lakini samani za kumvutia mgeni huyo zikigharimu 672,000 na zikadumu miaka 7, gharama yake ni 8,000 kila mwezi. Ile ziada yote imeliwa na makochi. Mwalimu wetu amekuwa mpokea wageni wa saa nane za usiku, msuluhishi wa ugomvi wa maji ya moto na mjibu wa malalamiko, bila ya ujira. Hakununua mali, amenunua kazi ya pili, na kazi hiyo yeye ndiye anayeilipia.

Mtu ataniambia, "Hata mpangaji wako wa mwezi hakulipa deni." Amesema kweli, na hapo ndipo penye hoja yangu. Mpangaji wa mwezi ni mizani. Kodi yake huonyesha nyumba ina thamani gani kwa mtu anayeihitaji ili aishi. Bei ikiwa juu mno hata kodi hiyo haifiki karibu na deni, basi nyumba ni ghali, na dawa ya ughali si kutafuta mgeni atakayekuja na upepo. Usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wetu umechakaa, lakini upo sakafuni. Msala unapita na mwenyewe.

Na msala huu umepita mara nyingi mbele ya macho yetu. Mwezi wa Mei 2014 Uingereza iliwaonya raia wake wasiende Mombasa bila ya lazima, na wasafiri wakarudishwa kwao kabla ya siku zao kwisha. Tarehe 25 Machi 2020 Kenya ilisimamisha safari za ndege za abiria kutoka nchi za nje hata tarehe 1 Agosti, na baina ya Aprili na Julai ilikatazwa hata kuingia na kutoka Mombasa. Benki ziliwapa wadeni muda, lakini muda si msamaha. Riba hailali wala haiugui. Hata pasipo na balaa, masika huja kila mwaka, na pwani hupungukiwa na wageni. Riba nayo ina msimu wake. Kiwango cha Benki Kuu ya Kenya kilikuwa 7 kwa mia mwanzoni mwa mwaka 2022. Februari 2024 kilifika 13, ndipo kilipoanza kushushwa mwezi wa Agosti. Katika mfano wetu, riba ya mkopo ikipanda kutoka 14 hata 18, malipo hupita 103,000, na zile siku 24 huwa 28. Ni nyumba gani ya wageni ipumzikayo siku mbili tu katika mwezi?

Iko hatari nyingine, nayo ni sheria. Mjini New York, tangu Septemba 2023, anayepangisha nyumba yake kwa muda wa chini ya siku 30 hulazimika kujiandikisha, kuwamo nyumbani pamoja na wageni, na kutopokea zaidi ya wawili. Barcelona ilitangaza mwaka 2024 ya kuwa leseni za nyumba 10,101 za watalii hazitaendelezwa baada ya Novemba 2028. Miji hiyo haikufanya hivyo kwa chuki ya wageni, bali kwa kilio cha wenyeji waliokosa pa kukaa. Kwetu, mauaji ya wanawake katika nyumba za namna hii jijini Nairobi, Januari 2024, yaliifanya serikali idai ziandikishwe. Na jirani je? Yeye alinunua utulivu, akaletewa uso mpya mlangoni kila siku ya tatu, na mlinzi asiyejua nani wa kumzuia. Anayejenga riziki yake juu ya ruhusa inayoweza kuondolewa na baraza la mji au na mkutano wa wakazi wa jengo, amejenga juu ya mchanga.

Sitawadhulumu wapinzani wangu. Wapo waliofanikiwa, nami nawajua. Mmoja anakaa katika nyumba yake na kupangisha chumba kimoja. Wa pili amerithi nyumba isiyo na deni. Wa tatu ameifanya biashara hii kuwa kazi yake ya mchana na usiku, naye huitwa kwa haki mwenye hoteli. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye hali yake inafanana na ya kijana mwenye mshahara mmoja, mikopo miwili na nyumba moja. Kumwonyesha kijana huyo mafanikio ya hao ni kumwonyesha asiyejua kuogelea jinsi samaki anavyostarehe.

Wala pwani haikungoja mwaka 2008 ili ijue kupangisha. Katika mitaa ya Majengo, Mombasa, nyumba ya Kiswahili ilikuwa na ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani nyuma. Mwenye nyumba, mara nyingi mwanamke mjane au aliyeachwa, alikaa chumba kimoja na kupangisha vingine kwa mwezi. Pengine hata kiwanja hakikuwa chake, akakilipia kodi. Walakini alimjua mpangaji kwa jina na kwa kazi yake, na mpangaji alikaa hata watoto wake wakamwita mwenye nyumba bibi. Pato lilikuwa dogo, lakini lilirudi kila mwisho wa mwezi kama maji ya bahari. Mwanamke huyo hakwenda chuo kikuu. Illa hakutia katika daftari lake fedha ya mgeni ambaye hajazaliwa.

Basi neno langu kwa mwanafunzi wa leo, ambaye kesho atapata mshahara na kujiwa na dalali, ni moja. Kabla ya kuuliza nyumba italeta nini kwa usiku, uliza mpangaji wa mwezi ataitolea nini. Kisha uliza mshahara wako utaweza kubeba tofauti kwa miaka yote ya deni, nyumba ikiwa tupu. Jibu likiwa hapana, funga daftari, mshukuru dalali kwa kukuonyesha bahari, urudi nyumbani. Nyumba ambayo mpangaji wa mwezi hawezi kuibeba na mshahara hauwezi kuitegemeza, mgeni wa usiku hataibeba.

Mpwa wangu bado analipa. Kila mwisho wa mwezi huja kwangu tukalifungua daftari pamoja, na mwezi uliopita ulikuwa na wageni wa usiku 11. Hanilaumu, wala simlaumu. Lakini saini yangu imo katika karatasi ile, na makala haya ni sehemu ya malipo yake.