NENO LA LEO: MWENYE SHIMO ATALIPA

Shalom kwako uliye Likoni ukingoja feri, wewe wa Kisauni unayefungua kibanda chako asubuhi hii, na wewe wa Changamwe uliyetoka zamu ya usiku bandarini.

Leo nina ujumbe wa betri. Usipite. Soma mpaka mwisho.

Unajua kanisa letu linatumia sola. Tulichoka na stima kupotea katikati ya kesha, tukachanga, tukaweka paneli juu ya mabati, na tukamshukuru Mungu kwa jua lake ambalo halituletei bili. Lakini mwaka jana betri nne zilichoka, tukanunua mpya. Zile za zamani zikabaki nyuma ya jengo, juu ya mchanga.

Wiki iliyopita akaja ndugu mmoja wa skrapu na mkokoteni wake. Ni mtu wetu, huwa anaketi safu ya nyuma Jumapili. Akatoa Sh16,000 taslimu. Nakuambia ukweli, mpendwa, nilikuwa nimeshaanza kuhesabu viti vya plastiki kichwani. Kisha nikamuuliza, "Ndugu yangu, hizi zikitoka hapa zinakwenda wapi?" Akacheka. "Pasta, mimi nanunua na kuuza tu. Huko mbele sijui."

Huko mbele sijui. Neno hilo likanikatisha usingizi. Kwa sababu sisi wa upande huu tunajua "huko mbele" kuliwahi kuwa wapi. Kuliwahi kuwa Owino Uhuru, pale Mikindani, ng'ambo ya ukuta tu wa nyumba za watu.

Wengine wenu mlikuwa wadogo, kwa hiyo niwakumbushe. Palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi. Moshi ukaingia nyumbani, vumbi likatua juu ya mabati na kwenye nguo zilizoanikwa, maji machafu yakapita katikati ya mtaa ambako watoto hucheza. Dada Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho mwaka 2009. Mtoto wake mchanga akaugua, madaktari wakahangaika, na mwishowe vipimo vikaonyesha kwamba damu ya mtoto ina risasi.

Risasi hii haina mlio wala bunduki, mpendwa. Inaingia kwa pumzi na kwa mkono mchafu mdomoni. Mama mjamzito humpitishia mtoto aliye tumboni. Inaharibu ubongo wa mtoto unaokua, inadhuru figo na damu, inaweza kusababisha mimba kutoka. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Nayo haiozi. Ikitua kwenye udongo, inakaa hapo miaka na miaka.

Dada huyo alipiga kelele pamoja na majirani. Mwaka 2012 akakamatwa na kushtakiwa, mahakama ikamwachilia. Kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman, ambayo ulimwengu huwapa watu wanaotetea mazingira. Mwaka 2016 wakaenda mahakamani, wakiwashtaki wenye kiwanda pamoja na mashirika ya serikali yaliyopaswa kuwalinda. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa ikaamua walipwe Sh1.3 bilioni na udongo usafishwe. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Miaka minane ya kupanda na kushuka ngazi za mahakama! Unamkumbuka mjane wa Luka 18, aliyemwendea hakimu asiyemcha Mungu mpaka hakimu akachoka? Huyo mjane alihamia Mikindani.

Sasa fungua Kutoka 21, mstari wa 33 na 34. Mungu anaweka sheria ya shimo. Mtu akichimba shimo asilifunike, na ng'ombe au punda wa jirani akatumbukia, mwenye shimo ndiye atakayelipa. Angalia vizuri. Sheria haiulizi kama alimchukia jirani, wala kama alikusudia. Inauliza jambo moja: ulichimba, je, ulifunika? Kama punda wa jirani ana fidia mbele za Mungu, mtoto wa jirani je?

Na hapa ndipo neno linapotugeukia sisi. Ni rahisi kunyooshea kidole kiwanda. Lakini kiwanda cha betri kinakula nini? Kinakula betri za matatu, za lori, za tuktuk, na za sola. Zangu na zako. Tunasema sola ni nishati safi, na ni kweli. Mimi siirudishi, bora jua kuliko kuvuta moshi wa jenereta. Lakini usafi wa mwanga haupimwi siku ya kuwasha tu. Upimwe pia siku betri inapokufa. Madhabahu yangu haiwezi kung'aa kwa mwanga ambao mabaki yake yanamtia sumu mtoto wa mwenzangu, halafu nikaita hiyo ni baraka.

Najua kuna atakayeniambia, "Pasta, dunia hii itapita, Yesu yu karibu, tuhubiri wokovu." Amina, Yesu yu karibu! Lakini hata mwili wako utapita, na leo asubuhi umeuoga. Mtumishi anayemngoja bwana wake hachafui nyumba kwa sababu bwana yuko njiani. Katika Mwanzo 2, kabla dhambi haijaingia, mtu alipewa kazi ya kuilima bustani na kuitunza. Kazi hiyo haikufutwa msalabani.

Mwingine atasema, "Na yule wa mkokoteni atakula nini?" Hilo ni swali zito, na yeye mwenyewe ameniuliza. Sina jibu la kumtukana maskini. Ila najua yeye ndiye wa kwanza kutumbukia shimoni. Yeye ndiye anayeshika betri kwa mikono mitupu, na jioni anambeba binti yake kwa shati lilelile.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Betri zetu hazitaondoka kwa mkokoteni. Nimewaambia wazee wa kanisa watafute mpokeaji mwenye leseni ya NEMA, anayeweza kutuonyesha zinakoishia, hata akitupa nusu ya bei. Ndugu yetu wa skrapu ataenda nao, alipwe kwa kazi ya kubeba, na ajue mlango huo kwa siku zijazo. Viti vitasubiri.

Na wewe nyumbani, nakusihi. Usivunje betri uani. Usimwage asidi mtaroni. Ndugu zangu wavuvi wa Likoni, msiyeyushe risasi ya betri kwenye sufuria ili mpate chubwi za mishipi, moshi ule unaingia kwa watoto. Betri iliyokufa iweke wima, kivulini, mbali na watoto, na unaponunua mpya muulize muuzaji kama anachukua ya zamani na anaipeleka wapi. Ukiona kiwanda kinakohoa moshi juu ya mtaa wako, usiseme ni mambo ya wanasiasa. Kifungu cha 42 cha Katiba yetu ya 2010 kinakupa haki ya mazingira safi, na Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda mahakamani bila kungoja mtu adhurike kwanza.

Tuombe. Baba, wakumbuke watu wa Owino Uhuru. Hukumu iliyo kwenye karatasi ifike mikononi mwao, na udongo wao usafishwe. Tusamehe kwa kila shimo tulilochimba tukaliacha wazi, tukisema huko mbele hatujui. Tupe macho ya kuuliza na ujasiri wa kufunika. Katika jina la Yesu.

Kama utaifunika yako, andika AMINA, kisha mtumie ujumbe huu jirani mmoja mwenye sola.