Ukiuza kompyuta, usiuze na leja ya wateja

Mnunuzi wa kompyuta iliyotumika hapa Geita huuliza mambo matatu: betri inakaa muda gani, kioo kina ufa au hakina, na diski ina ukubwa gani. Bei hupatana hapo. Kilichobaki ndani ya diski hakiingii katika majadiliano, ingawa mara nyingi kina thamani kuliko mashine yenyewe.

Mwaka jana nilinunua kompyuta ya mkononi ya namna hiyo katika duka moja la mjini. Ilionekana tupu. Fundi mmoja, rafiki yangu, alipoendesha programu ya bure ya kurudisha mafaili, yakarudi mahesabu ya miaka miwili ya mnunuzi wa dhahabu: majina ya wachimbaji wadogo, namba zao za simu, gramu walizouza, siku na fedha walizolipwa. Kulikuwa pia na nakala za vitambulisho vya Taifa na taarifa za benki. Nilimpigia simu mwenye mali, mtu mzima anayeheshimika. "Kijana, mbona nilifuta zote, na lile pipa la taka nikalimwaga?" akaniuliza.

Mzee alisema kweli. Tatizo ni kwamba kompyuta ikiambiwa ifute faili, haigusi maandishi yake. Huondoa tu jina katika orodha na kuihesabu nafasi ile kuwa wazi. Maandishi hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Ni sawa na karani achane ukurasa wa yaliyomo na kuiacha leja nzima kabatini. Kufomati kwa haraka nako ni hivyo hivyo.

Jambo hili si la Geita peke yake. Simson Garfinkel na Abhi Shelat, wakiwa wanafunzi wa chuo cha MIT nchini Marekani, walinunua diski 158 zilizotumika. Katika ripoti yao ya mwaka 2003, kati ya diski 129 zilizofanya kazi, 12 tu ndizo zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo, na mojawapo ya zile zisizosafishwa ilitoka katika mashine ya benki ya kutolea fedha. Mwaka 2009 waandishi wa habari walinunua nchini Ghana diski ya mtumba iliyokuwa na nyaraka za zabuni za kampuni ya ulinzi ya Northrop Grumman. Wenye hisa nao wakumbuke Septemba 2022, Morgan Stanley ilipokubali kulipa dola milioni 35 kwa mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani. Ilikuwa imeikabidhi kampuni ya kuhamisha mizigo kazi ya kuondoa mashine zake za zamani, na nyingine zikauzwa mnadani zikiwa na taarifa za wateja.

Morgan Stanley ilipoteza fedha. Hapa kwetu kinachoweza kupotea ni zaidi ya hapo. Tangu soko la dhahabu la Geita lifunguliwe Machi 2019, mauzo huandikwa, na vizuri hivyo. Lakini orodha ya nani kauza gramu ngapi na lini, ikiangukia mikononi mwa majambazi, inawaelekeza nyumba za kuvamia kuanzia Rwamgasa hadi Nyarugusu. Mnunuzi anaweza kuzidharau siri zake mwenyewe. Siri za mchimbaji aliyemwamini si mali yake kuziuza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na sioni jinsi wajibu huo unavyoweza kuishia mlangoni mwa duka la mtumba.

Kwa diski ya kawaida yenye sahani inayozunguka, programu ya kuandika upya diski nzima inatosha, hata mara moja. Huchukua saa kadhaa, basi iachwe usiku kucha. Diski za kisasa za SSD hazisafishiki vizuri kwa njia hiyo. Hizo zahitaji amri maalumu ya ufutaji itolewayo na mtengenezaji. Nakili kwanza unachokihitaji, maana baada ya hapo hakuna fundi wa kukirudisha.

Lakini mnunuzi wa dhahabu, mhasibu au wakala wa fedha, ushauri wangu kwake ni mmoja: auze kompyuta bila diski. Wauza maduka hawataki kusikia haya, kwa kuwa mashine isiyo na diski haiwaki mbele ya mteja na bei hushuka. Na ishuke. Tofauti hiyo ihesabiwe kuwa gharama ya biashara, kama mlinzi wa usiku.

Mzee yule nilimrudishia diski yake. Akaivunja kwa nyundo mbele yangu, kisha akanilipa fedha ya kununulia nyingine.