KIELEKEZI SI KITU CHENYEWE



Wako wenzetu wasemao kuwa habari za vielekezi katika lugha za kompyuta ni ngumu mno, na afadhali ziachiwe mafundi wa mjini. Mimi sikubaliani nao, na sababu yangu ni hasara niliyojiletea mwenyewe.

Niliandika programu ndogo kwa lugha ya Python, ya kutunza alama za mtihani za darasa letu. Nilitaka kufanyia majaribio nakala, ili alama zenyewe zibaki salama. Basi nikaandika: nakala = alama. Nikaichezea ile nakala nipendavyo, nikitia sifuri hapa na pale. Kisha nikahifadhi alama zenyewe. Lo! Nazo zilikuwa zimejaa sifuri. Jioni mbili nilikaa nikiziingiza upya kutoka kwenye karatasi.

Kosa halikuwa la mashine. Katika Python, kuandika hivyo si kunakili orodha, bali ni kuipa jina la pili. Ni kama sanduku la posta pale Tukuyu: ukimpa ndugu yako ufunguo wa pili, hukumpa sanduku la pili. Akitoa barua, wewe utakuta tupu. Kama ningeandika nakala = alama.copy(), ningalipata orodha mbili.

Katika lugha ya C, iliyotungwa na Dennis Ritchie huko Marekani mwaka 1972 hivi, jambo hili haliko gizani. Kielekezi ni namba ya mahali kitu kilipowekwa katika kumbukumbu ya kompyuta. Hutangazwa kwa alama ya nyota, na aionaye ajua kuwa hapa pana anwani, si kitu chenyewe. Lakini C haina huruma: ukielekeza mahali pasipo pako, programu hukatika ghafula, au hutoa majibu ya uongo. Kwa hiyo Java (1995) na Python huificha nyota hiyo. Hatari nyingi zimepungua, wala siwalaumu watunzi wake. Ila kilichofichwa hakikuondoka.

Hata mabingwa hukosea. Tony Hoare wa Uingereza, mwaka 1965, alitia katika lugha ya ALGOL W kielekezi kisichoelekeza popote. Mwaka 2009 alikiri mbele ya watu kuwa lilikuwa kosa lake la dola bilioni moja. Lugha ya Rust, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2015, imeweka sheria kali: watazamaji wa kitu waweza kuwa wengi, lakini akiwapo mwenye kukibadili, awe peke yake.

Basi rai yangu ni hii. Tuanze na Python, kwani ni nyepesi, lakini tangu majuma ya kwanza tufundishwe tofauti ya kitu na kielekezi chake. Kompyuta zikiwa chache, ubao, chaki na mishale vyatosha. Na kila mmoja wetu, kabla hajabadili neno, ajiulize: nimepewa kitu, au nimeonyeshwa kilipo?