Manukato yako yasimnyime jirani pumzi

Asubuhi moja ya mvua mwezi wa Aprili, mama mmoja wa makamo aliingia katika kliniki yangu mjini Ruiru akiwa ameshikwa mkono na utingo wa matatu. Alikuwa akihema na kifua kikikoroma. Alikuwa amepanda gari mjini Thika, madirisha yakiwa yamefungwa kwa sababu ya mvua, na kando yake akaketi msichana aliyenukia sana. Walipofika Juja, mama huyo mwenye ugonjwa wa pumu hakuweza kumaliza hata sentensi moja. Inhela yake alikuwa ameisahau nyumbani.

Alipata nafuu baada ya kuvuta dawa ya salbutamoli. Msichana yule naye alikuwa ameteremka pamoja naye, akawa analia mlangoni. Aliniambia, "Daktari, nilijipulizia kidogo tu." Nilimwamini, na hapo ndipo penye kosa ambalo wengi wetu hatulijui.

Pua ya binadamu huzoea harufu upesi. Dakika chache baada ya kujipulizia, wewe huyasikii tena manukato yako, ilhali kila anayekukaribia anayasikia. Ukidhani yamekwisha, unaongeza. Maoni yangu ni kwamba mwenye kujipaka manukato hafai kuwa mwamuzi wa kiasi chake.

Jambo hili ni zito zaidi kwa manukato yapendwayo siku hizi, yaani yale ya maua yaliyochanganywa na harufu ya vyakula vitamu kama vanila, karameli na chokoleti. Mtindo huu ulienea baada ya manukato ya Angel ya Thierry Mugler kutolewa nchini Ufaransa mwaka wa 1992. Ile harufu ya sukari iliyoungua hutokana na kemikali iitwayo ethili-maltoli, na ile ya vanila hutokana na vanilini. Vitu hivi havipotei upesi hewani kama harufu ya limau au chungwa. Hubaki kwenye nguo kwa saa nyingi, hata hadi siku ya pili. Sisi wa Ruiru tunajua jinsi kahawa inavyonukia kama asumini inapochanua baada ya mvua. Lakini shambani kuna upepo. Ndani ya matatu ya abiria 14 iliyofungwa madirisha, upepo haupo.

Harufu kali huweza kuzichokoza njia za hewa za mwenye pumu zikabana, hata kama hana mzio wa manukato yenyewe. Wengine hupatwa na kipandauso. Aidha, mwenye kujipaka naye hayuko salama. Mzio wa ngozi unaweza kuanza baada ya miaka mingi ya kutumia manukato yale yale bila tatizo, na ukishaanza, kwa kawaida hauondoki. Utaona mwasho, vipele, au ngozi ya shingo na kwapa ikibaki na mabaka meusi. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka wa 2005 Muungano wa Ulaya umewataka watengenezaji kuorodhesha vitu 26 vya manukato viletavyo mzio, na mwaka wa 2023 orodha hiyo ikaongezwa ikapita 80.

Wapo watakaoniambia kwamba matatu hunuka jasho na moshi, na kwamba manukato ni msaada kwa abiria. Mimi pia napenda kunukia, na ndugu zetu wa Pwani wamefukiza udi na kuvaa asumini tangu zamani. Lakini manukato hayaondoi jasho wala moshi, bali yanaongezwa juu yake. Dawa ya jasho ni maji na sabuni.

Kwa hivyo, msomaji, hesabu kwa kidole wala si kwa pua: pulizia mara moja au mbili, basi. Fanya hivyo nusu saa kabla ya kutoka, dirisha likiwa wazi na ukiwa mbali na jiko, kwa maana manukato mengi yana alkoholi ishikayo moto. Usijipake kwenye kwapa ulizotoka kunyoa. Ukienda kumwona mgonjwa au mtoto mchanga, yaache nyumbani.

Nawe mwenye pumu, beba inhela yako kila siku. Ukiihitaji zaidi ya mara mbili kwa wiki, mwone daktari. Ukishindwa kuzungumza kwa kukosa pumzi, nenda hospitali mara moja. Na usione haya kuomba dirisha lifunguliwe.

Anayeombwa naye afungue, hata akinyeshewa kidogo. Nguo zitakauka, lakini aliyebanwa kifua kando yako hana pa kukimbilia hadi steji ijayo.