Mishale ya Kemia Haitaki Kasuku

Kasuku aweza kufunzwa kubisha hodi, lakini hajui hodi ni nini wala mgeni ni nani. Ndivyo wanavyosoma kemia ogania wengi wa kidato cha tatu. Hiki kikiongezwa kile, mshale, kinatoka kile kingine. Ukiuliza kwa nini, unajibiwa, "Wewe kremu tu, mtihani utapita!" Mimi napinga maoni hayo vikali, hasa kwa yeyote anayetaka kuwa mfamasia.

Kwanza tuutazame mlango wenyewe. Hapa Kenya, mlango wa kozi ya famasia katika vyuo vikuu vya umma ni KCSE. Kemia na biolojia huangaliwa, pamoja na hisabati au fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Naam, wanachama wenzangu, hata Kiswahili chetu kimo! Lakini kemia haikwepeki, na ndani ya kemia, ogania ndiyo inayowatoa wengi jasho.

Chukueni mfano wa ethanoli na asidi kali ya sulfuriki. Ukivipasha moto hadi nyuzi 170 hivi, inatoka gesi ya etheni. Ukivipasha hadi nyuzi 140 hivi, ethanoli ikiwa nyingi, inatoka etha. Etha hiyo ndiyo William Morton aliyoitumia mjini Boston mwaka 1846 kumpoteza mgonjwa fahamu ili apasuliwe bila maumivu. Vitu ni vilevile, joto tu limebadilika. Aliyekremu atachanganya 170 na 140 siku ya mtihani. Aliyeelewa anajua kwamba mara zote mbili asidi inasaidia kuondoa maji. Kwenye joto jingi maji hutoka katika molekuli moja ya ethanoli. Kwenye joto la chini hutoka kati ya molekuli mbili, nazo zikaunganika. Huyo hata akisahau nambari, hatapotea kabisa.

Sasa tutoke darasani twende kwenye dawa. Mwaka 1897 huko Ujerumani, Felix Hoffmann wa kampuni ya Bayer alitengeneza aspirini safi. Kabla yake watu walitumia asidi ya salisiliki, ambayo iliwasumbua tumbo. Katika aspirini, asidi hiyo imeongezewa kipande kidogo kwa kifungo kiitwacho esta. Esta hizo tutakutana nazo kidato cha nne. Lakini kifungo hicho huvunjwa na maji. Tembe zikikaa mahali penye unyevu, zinarudi kuwa asidi ya salisiliki na asidi ile iliyomo katika siki. Ndiyo maana aspirini iliyoharibika hunuka siki! Mfamasia aliyeelewa atanusa mkebe na kuuliza ulikuwa umewekwa wapi. Kasuku je? Atahesabu tembe na kumpa mgonjwa.

Najua kuna watakaosema, "Huyu anajifanya. Kuna mambo lazima yakaririwe." Kweli, siwabishii. Majina ya vitu na rangi zake hayana njia ya mkato. Lazima ujue kwamba dikromati ya potasiamu yenye asidi ni ya rangi ya chungwa, na hugeuka kijani inapoigeuza ethanoli kuwa asidi ya ethanoiki. Lakini hayo ni maneno tu ya lugha. Nani amewahi kujua Kiswahili kwa kukariri kamusi bila kutunga sentensi? Chora ramani moja katika karatasi moja: etheni iko wapi, ethanoli iko wapi, barabara gani inatoka hapa kwenda pale, na inahitaji nini. Ramani hiyo inashinda kurasa kumi za mishale iliyotawanyika.

Sisi wa shule za kutwa tunaihitaji zaidi. Wenzetu wa bweni wana prepu ya usiku. Sisi tukifika nyumbani kuna maji ya kuteka, wadogo wa kuangalia, na pengine taa moja kwa watu sita. Muda wetu ni haba, hautoshi kukariri kitu kilekile mara ishirini.

Kwa hivyo nawaomba walimu wetu wapendwa watufungulie maabara japo kipindi kimoja kila Ijumaa. Hatuombi makubwa. Matone machache ya maji ya bromini na mafuta ya kupikia yanatosha. Tutikise, tuone rangi ikififia, kisha tuulizane ile bromini imekwenda wapi. Mwanafunzi aliyeona kwa macho yake hahitaji kukaririshwa.

Nanyi wenzangu mnaoota koti jeupe la mfamasia, kuuliza si ujinga. Kabla hujachora mshale, uliza kwanza: kwa nini?