Mgonjwa wa Kuendesha Hasubirishwi Mpaka Asubuhi

Wakazi wenzangu wa Ng'ambo, mvua zinakaribia, na kabla hazijapiga kuna jambo linalopaswa kusemwa bila kuzungushazungusha. Sitangazi kwamba kipindupindu kimeingia. Kutangaza ni kazi ya Wizara ya Afya, si yangu. Ninachosema ni kwamba kikija safari hii, yamkini hakitaanzia sokoni wala stendi. Kitashushwa mlangoni kwetu saa 4 usiku, ndani ya mgonjwa aliyebanwa kwenye bodaboda kati ya dereva na mdogo wake, kanga mbili zimefungwa kiunoni na zote zimelowa. Tutasema karibu, pole na safari. Tutamtandikia mkeka, tutampa maji kwa kata ile ile tunayochotea wote, na tutaambiana alale kwanza, kukipambazuka apelekwe Hospitali ya Kitete.

Usiku huo ndio ninaouogopa.

Manispaa yetu ya Tabora imezungukwa na Wilaya ya Uyui pande zote, na nyuma ya Uyui kuna Sikonge, Urambo na Kaliua. Karibu kila nyumba ya Ng'ambo ina ndugu huko. Mvua zikianza, nusu ya ndugu hao hawako kijijini, wako shamba. Mkulima wa tumbaku anahamisha miche kutoka kitaluni, anahitaji mikono mingi, na vibarua wanatoka Kigoma, Shinyanga na hata ng'ambo ya mpaka. Wanajenga vibanda vya miti na nyasi kando ya mbuga, wanachimba kisima kwa mkono pale penye unyevu, futi chache tu maji yanatoka, meupe ya udongo. Choo hakuna, kuna kichaka. Wafugaji nao wamesogea mbali zaidi msituni kutafuta malisho, na ng'ombe wanakunywa pale pale anapochota mama. Mvua ya kwanza kubwa inaosha kichaka, na maji yake yote yanakwenda kisimani. Hapo haihitaji uchawi wala mkono wa mtu, ingawa najua wengi wataanza kutajana majina.

Mwaka 2007 serikali ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ule tuliozoea kuuita MMAM. Ahadi yake ilikuwa nyepesi kukumbuka: kila kijiji zahanati, kila kata kituo cha afya. Tusiwadhulumu waliofanya kazi, majengo yameongezeka, na wanakijiji wamesomba mawe na kufyatua matofali kwa mikono yao. Lakini tunajua zahanati nyingi za pembezoni zilivyo. Muuguzi ni mmoja, na akienda mjini kufuata mshahara au kikao, mlango una kufuli. Dripu zipo mbili tatu, na kipindupindu kikali kinaweza kumaliza chupa zote hizo kwa mgonjwa mmoja kabla hajaanza kukojoa. Halafu kuna njia yenyewe. Anayeijua barabara ya Loya wakati maji ya Wembere yamepanda hahitaji kuelezwa, na udongo mweusi wa mbuga ukilowa pikipiki haipiti, trekta lenyewe linazama. Kwa hiyo familia inapiga hesabu ya haraka: zahanati huenda imefungwa, lakini shangazi yuko Ng'ambo, na Ng'ambo hadi Kitete ni karibu. Ndiyo maana upungufu wa zahanati ya kijijini unaishia kwenye mkeka wa mjini, na ndiyo maana hii si habari ya vijijini tu.

Sasa sikilizeni kinachotokea ndani ya mwili. Mdudu wa kipindupindu anaingia kwa mdomo, pamoja na maji au chakula kilichoguswa na kinyesi. Kati ya saa chache na siku 5 anaanza kazi. Wengi watakaommeza hawataugua sana, wataendesha kidogo na kuendelea na shughuli zao huku wakimmwaga chooni kila siku. Hao ndio wanaokisambaza bila kujijua. Wachache watapatwa vibaya. Aliyepatwa hivyo, kinyesi chake hakina tena rangi wala harufu ya kinyesi, ni kama maji yaliyooshewa mchele, na kinamtoka bila maumivu makubwa ya tumbo. Ndiyo maana watu hudanganyika: hapigi kelele, kwa hiyo wanadhani anapata nafuu. Mtu mzima anaweza kupoteza lita nzima kwa saa moja. Macho yanadidimia, sauti inakauka, miguu inakakamaa, ngozi ya tumboni ukiifinya inabaki imesimama, mkojo unakatika. Mtu aliyekula ugali jioni akiwa mzima anaweza kufa kabla ya adhana ya alfajiri. Bila matibabu, nusu ya waliopatwa vibaya wanaweza kufa. Wakipata maji na chumvi mapema, hafi hata mmoja kwa kila 100. Sijui ugonjwa mwingine wenye tofauti kubwa namna hii kati ya kuchelewa na kuwahi.

Njia hii yetu ya misafara inakifahamu kipindupindu tangu zamani. Burton na Speke walipofika Kazeh, ndani ya Tabora ya leo, Novemba 1857, walikuta mji wa wageni: Waarabu, wapagazi wa Kinyamwezi, wafanyabiashara wa pembe, wote wakipumzika hapa kabla ya kuendelea Ujiji au kurudi pwani. Mwaka 1869 kipindupindu kilipiga Unguja. Muda si mrefu kilikuwa kimekwisha kuvuka bara na Ziwa Tanganyika hadi Manyema, ambako Livingstone aliandika juu ya wasafiri waliokuwa wakifa. Hakikuwa na mabawa. Kilitembea kwa miguu ya wapagazi, kambi hadi kambi, kisima hadi kisima. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 safari ikawa ya saa badala ya wiki, na leo bodaboda inafika mahali ambapo hata msafara haukufika. Mwaka 1997 Tanzania ilihesabu wagonjwa zaidi ya 40,000 na vifo zaidi ya 2,200. Agosti 2015 kilianzia Dar es Salaam na kikaenea karibu nchi nzima. Wanaosema huo ni ugonjwa wa pwani wana kumbukumbu fupi.

Nitatoka nje ya nchi kidogo, maana kuna funzo moja kutoka Amerika ambalo sioni likisemwa huku. Januari 1991 kipindupindu kilitua Peru, katika bara ambalo lilikuwa limekaa karibu miaka 100 bila kukiona, na ndani ya mwaka huo kilipanda hadi Guatemala na El Salvador. Peru peke yake ilipata wagonjwa zaidi ya 320,000, lakini waliokufa hawakufika hata 1 kwa kila 100. Kwa nini? Maji ya chumvi na sukari yalikuwa yamekwisha kufundishwa na wauguzi walikuwa nayo. Ukiifungua hesabu hiyo, hata hivyo, unakuta vifo havikugawanywa sawa. Kwenye miji ya pwani walikufa wachache sana. Kwenye vijiji vya milimani na kwenye misitu ya Amazon, ambako mgonjwa alisafiri siku nzima kwa mtumbwi, kiwango cha vifo kilikuwa juu mara kadhaa. Mdudu alikuwa yule yule. Kilichowaua wale wa msituni ni umbali.

Umbali wa kutoka Kaliua hadi Kitete hatuwezi kuupunguza kabla ya mvua hizi. Tunaweza kuamua mgonjwa aanze kutibiwa wapi, na si lazima iwe hospitali. Mwaka 1971, kwenye kambi ya wakimbizi ya Bongaon, India, mpakani mwa Bangladesh, dripu zilimwishia daktari Dilip Mahalanabis. Akachanganya chumvi, sukari na magadi ya kupikia kwenye mapipa, akawakabidhi ndugu za wagonjwa vikombe wanyweshe wenyewe. Wengi wakati huo waliamini kazi hiyo haiwezekani bila sindano. Vifo vilishuka kutoka karibu 30 kwa kila 100 hadi chini ya 4. Walionywesha walikuwa akina mama na kaka zao, sakafuni, wagonjwa wamelala kwenye matope.

Basi kila mwenye ndugu shamba ampigie simu wiki hii, amwambie hivi. Anunue pakiti za ORS, ule unga wa kuchanganya na maji, aziweke kibandani pamoja na chumvi. Akikosa, lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Asizidishe chumvi, ukionja yasiwe na chumvi kuliko machozi. Mtu akianza kuendesha na kutapika, anywe hapo hapo, kabla ya kuitwa bodaboda, kabla ya kutafutwa nauli, kabla mume hajarudi kutoka shamba la pili kutoa ruhusa. Akitapika, subiri dakika 10, anza tena kijiko kwa kijiko. Njiani chupa iwe mkononi mwa anayemsindikiza, na kazi ya msindikizaji ni kunywesha, si kushika begi. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Zahanati ikiwa njiani na iko wazi, waingie hapo kwanza.

Na tafadhali, msikimbilie duka la dawa kununua Flagyl. Najua ndiyo dawa ya kwanza tunayoitaja tumbo likiharibika, tunanunua vidonge 6 kwa kuhesabiwa kwenye karatasi. Haitibu kipindupindu. Vidonge vya kufunga tumbo ni hatari zaidi, vinazuia kutoka lakini maji yanaendelea kuvuja ndani ya utumbo. Hela hiyo inunulie ORS.

Kwetu Ng'ambo mgeni akifika katika hali hiyo, asilale. Apelekwe hospitali usiku ule ule, hata kama kaka mkubwa hajapatikana kwenye simu. Shangazi zangu, najua mnavyosema: amechoka huyu mtoto, mwacheni apumzike. Apumzikie kitandani Kitete, dripu ikiwa mkononi. Akiondoka, sehemu aliyotapika imwagiwe maji yenye klorini, nguo zake zichemshwe, zisifuliwe kisimani. Zipo nyumba zetu za zamani zenye kisima na choo cha shimo ndani ya ua mmoja, hatua chache tu kati ya hivyo viwili. Maji ya Ziwa Victoria yameletwa Tabora, lakini bomba likikauka siku mbili tunarudi kwenye kisima hicho, na kwa sababu ya bili ya mwezi wengine hawakukiacha kabisa. Maji ya kisima cha uani yachemshwe au yatiwe dawa, bila kujali yanavyong'aa. Ndoo ya kunywea iwe na mfuniko na bomba, na kata itundikwe.

Halafu maembe. Msimu wake unaangukia humo humo ndani ya mvua, na watoto wetu wanayaokota chini ya mwembe, wanayafuta kwenye kaptula na kuyang'ata. Kumkataza mtoto wa Tabora embe ni kupoteza muda. Mwekeeni beseni la maji safi mlangoni.

Jambo gumu kulisema ni msiba. Aliyekufa kwa kipindupindu bado anavuja wadudu, na sisi tunaosha maiti, kisha tunakaa matanga na kula sinia moja. Sidai mtu azikwe bila heshima. Aitwe bwana afya, uoshaji ufanyike kwa klorini na glavu, na walioosha wasiguse sufuria ya pilau wala kugawa chakula. Maimamu na wachungaji wakilisema hili mapema, mimbarini, kabla hapajawa na maiti, halitasikika kama matusi kwa wafiwa.

Kwa viongozi nina ombi moja na lawama moja. Lawama ni tabia ya kungoja mgonjwa wa kwanza afe, kisha kufunga meza za mama ntilie na kupiga picha. Mama ntilie anayechemsha maji mchana kutwa ni msaada wetu kuliko kisima cha uani ambacho hakuna anayekikagua. Ombi ni kwamba pakiti za ORS na klorini zitangulie vijijini sasa, wakati magari yanapita. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 kwa miaka 5. Wale waliokwisha kupangiwa Uyui, Sikonge na Kaliua wapewe mzigo huo kabla mbuga hazijafunga. Tusitegemee chanjo. Ya matone ipo na Unguja na Pemba walichanjwa mwaka 2009, lakini duniani imewahi kuwa adimu kiasi kwamba Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani na washirika wake walielekeza dozi 1 badala ya 2 pale penye mlipuko.

Wenyeviti wa mitaa waitishe kikao Jumapili hii, na kila balozi ajue nyumba zipi zinapokea wagonjwa kutoka shamba. Ukiona watu wawili wanaendesha maji kwenye nyumba moja au kisima kimoja, piga 199, ni bure. Taja mtaa, taja kisima, taja mgonjwa ametoka kijiji gani, kwa sababu huko alikotoka kuna wengine ambao hawana shangazi mjini.