Kambi ya Wavulana si Jambo la Kigeni

Kila likizo ya Agosti ikikaribia, huzuka maneno baina yetu sisi watu wa pwani tuishio Pumwani, Eastleigh, Kaloleni na mitaa mingine ya Eastlands, Nairobi. Kijana huleta barua kutoka shuleni akiomba ruhusa ya kwenda kulala kambini na maskauti wenzake kwa siku tatu au nne. Baba hunyamaza, mama huguna, na ami aliyekuja kutembea kutoka Mombasa hutoa hukumu: hayo ni mambo ya Kizungu, mtoto wa Kiislamu hulala kwao.

Mimi nawaheshimu wazee hao, lakini hukumu yao siikubali.

Ni kweli kwamba uskauti uliasisiwa na Mwingereza. Baden-Powell, aliyekuwa jenerali wa jeshi, aliwakusanya wavulana wapatao ishirini katika kisiwa cha Brownsea mwaka 1907, akawafundisha kuishi porini. Uskauti ulifika Kenya mwaka 1910, na mwenyewe alifariki mwaka 1941 na kuzikwa Nyeri. Hayo hayana ubishi. Lakini je, kuwatoa wavulana majumbani, kuwalaza pamoja na kuwafunza utu uzima, nako tulifundishwa na Mwingereza?

Ndugu msomaji, waulize wazee wako habari za jando. Wavulana walipelekwa kumbini, wakatahiriwa na ngariba, kisha wakakaa huko hata wapone. Katika siku hizo walifunzwa adabu, nyimbo na mafumbo, wakafunzwa kustahimili baridi na maumivu bila kulia. Yule aliyelala nao kumbini akawa ndugu yake maisha. Leo mtoto wetu hutahiriwa hospitalini angali mchanga, asubuhi kaingia, adhuhuri karudi nyumbani. Kwa afya yake ni jambo jema sana. Lakini pamoja na kisu cha ngariba tumelitupa na darasa zima, wala hatukuweka jingine mahali pake.

Majirani zetu wa bara wameliona pengo hilo. Ifikapo Desemba, makanisa kadhaa hapa Nairobi huwaweka wavulana waliotahiriwa pamoja kwa siku kadhaa, wakapewa mafunzo na wazee waliochaguliwa. Wametwaa mila yao ya kale wakaivika dini yao. Sisi tulio na madrasa katika kila mtaa tunangoja nini?

Mtu atauliza, huko kambini kuna nini cha maana? Kijana hufundishwa kusimamisha hema na kuchimba mfereji wa kuzuia maji ya mvua yasiingie ndani. Hufunga mafundo ya kamba ambayo babu zetu mabaharia wangeyatambua mara moja. Huwasha moto, hupika uji na maharagwe, huosha sufuria aliyoichafua mwenyewe. Hujifunza kumfunga bandeji aliyeumia na kutembea usiku kwa dira na nyota. Kumbuka kwamba kijana wa Majengo amekulia chumba kimoja pamoja na ndugu zake wote, na taa zile ndefu za mtaani, mulika mwizi, zimemfichia mbingu. Wazee wetu walikijua Kilimia kama wajuavyo mlango wa nyumba zao. Yeye hajapata kukiona.

Na hayo yote yanachukuana na dini. Mpe kijana dira, mwambie akutafutie kibla. Atagundua kwamba hapa Nairobi kibla kiko kaskazini, kimeelekea mashariki kidogo tu. Mwamshe alfajiri katika baridi ya Agosti, aadhini yeye, wenzake wasimame safu nyuma ya imamu wa rika lao. Somo la kutayamamu alilolikariri madrasa ataliona lina kazi. Ahadi yenyewe ya skauti humtaka atimize wajibu wake kwa Mungu, na kila mmoja huutimiza kwa imani yake.

Hata hivyo sisemi mzazi afumbe macho. Hofu ya mama aliyeguna ina msingi. Mtume, rehema na amani zimshukie, alituagiza tuwaamrishe watoto sala wafikapo miaka saba, na wafikapo kumi tuwatenge malazi yao. Agizo hilo ndilo sheria ya kwanza ya kambi. Kila mvulana awe na mkeka wake na blanketi lake. Pasiwe na mtu mzima mmoja peke yake na mtoto hemani, awe mwalimu, awe ustadhi. Mzazi aruhusiwe kufika saa yoyote bila kubisha hodi mbili. Nyama iwe ya kuchinjwa kihalali, na saa za sala ziandikwe katika ratiba kabla ya saa za michezo. Kambi inayoyakataa hayo, usimpeleke mwanao.

Lakini tusikatae tu kisha tukakaa. Wazee wa misikiti na walimu wa madrasa za Eastlands wakikaa pamoja, kambi ya siku nne haiwashindi. Kambi ya maskauti ya Rowallan imo humu humu mjini, kando ya msitu wa Ngong Road. Maskauti Waislamu waliokwisha kuhitimu wapo. Gharama kubwa ni chakula, mahema na magari, na sisi tunaojua kuchanga kwa ajili ya pilau ya harusi hatuwezi kusema hatujui kuchanga.

Tukiliacha jambo hili, kijana hatakaa bila mwalimu. Likizo ni ndefu na chumba ni kidogo, basi atatoka nje. Pale kwenye kona ya mtaa wapo watakaompokea kwa furaha, watakaompa jina jipya, miraa, bangi na hata unga, na kumfunza mafundo ya aina nyingine. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ulimwengu wa Eastlands haufungi shule wakati wa likizo.